Bafu Limefungwa

Saa saba usiku naiacha tramu yadini,
natembea hadi nyumbani juu ya barafu iliyomwagiwa mchanga,
nafungua mlango polepole, mwizi wa nyumba yangu mwenyewe,
na bafu limefungwa.

Chini ya mlango, uzi mwembamba wa wekundu.
"Usifungue, baba!"
Hata kitasa sijakigusa.
"Dakika nne tu."
Dakika nne za Jagoda ni ndugu na zile za daktari wa meno.

Anasafisha picha.
Mimi ndiye mwenye grisi kwenye kucha
na zamu yangu ya kusafishwa haijafika.
Nanawa jikoni, katikati ya sufuria,
nikisikiliza maji yakichuruzika ng'ambo ya ukuta.
Kuna nyumba ambazo bafuni huoga watu.
Kwetu huoga karatasi,
zimelazwa chali katika beseni lile lile
nililomwogeshea yeye alipokuwa na wiki tatu,
kichwa chake chote kikitosha kwenye kiganja hiki.

Kamera aliipata soko la Jumapili,
nzito kama tofali, ngozi yake imebambuka.
Muuzaji alisema haifanyi kazi, akapunguza bei.
Akaileta ndani ya koti kama kifaranga.
Nikamwambia: simu yako hupiga elfu, bure.
Akanitazama kwa ile huruma ninayowapa abiria
wanaoniomba tramu ikate kona.

Mkanda mmoja, picha thelathini na sita.
Nilipiga hesabu nyuma ya tikiti:
kila picha, mkate na nusu.
Ndiyo maana hana haraka.
Nilimwona siku moja kituoni, mtaa wa Bałuty,
akimngoja mama mmoja amalize kufunga kifungo cha koti.
Tramu tatu zilipita. Ya nne ilikuwa yangu,
na kengele sikuipiga.

Kwenye kamba, kati ya soksi zangu, inaning'inia mikanda.
Jirani yetu Bibi Genowefa ana nywele nyeusi tena.
Meno pia, meusi tititi.

Chuo cha sanaa kinataka picha kumi na tano,
jalada jeusi, mwisho tarehe kumi Juni.
Kumi na nne amezitia alama ya vyema.
Ya kumi na tano ina alama ya kuuliza
iliyokolezwa hadi karatasi imetoboka.

Februari aliomba anipige mimi, kazini.
Kanuni hairuhusu. Nikamruhusu.
Kituo cha kwanza hadi cha mwisho, nyuma ya bega langu,
cha! halafu kimya kirefu, halafu cha!
Nilikuwa nimevaa tai.
Akahesabu thelathini na sita.
Thelathini na saba.
Ilipofika thelathini na tisa uso ukamshuka:
mkanda haukuwa umenasa kwenye meno.
Asubuhi nzima alikuwa amepiga pasipo pa kuingia picha.

Hakulia. Alilia kesho yake, eti viatu vinambana.

Nilitaka kumwambia: miaka ishirini na miwili kwenye kiti kile
sijaendesha vizuri kama nilivyoendesha
nikitazamwa na wewe.
Nikasema supu inapoa.

Sasa komeo linalia.
"Ingia upesi, funga!"
Tunasimama bega kwa bega katika ule wekundu,
harufu ya siki inanikaba,
na ndani ya beseni karatasi nyeupe, tupu.
Anaitikisa kwa koleo, taratibu.
Doa. Kisha kivuli cha doa.
Kisha glavu zangu juu ya hita, vidole vimekunjika,
zimeshika mpini ambao haupo,
zinaendesha jikoni kwetu usiku kucha
bila mimi.

"Unaona?"
Naona, nikasema.
Nikasema tena, maana mara ya kwanza sauti haikutoka.
Naona, mwanangu.
Ila sasa toka, tafadhali,
nimebana tangu Bałuty.